Mwaka Tantine Anjela Alipolima Uwanja Wangu

Tantine Anjela, mama yangu mdogo, tulimzika Zongwe, kwenye mteremko unaotazama ziwa, na juu ya kaburi lake nilipanda kwa mikono yangu nyasi zile zile ambazo yeye mwenyewe alizilima zote kwa jembe, asubuhi moja ya kiangazi, akiamini ananiokoa na aibu. Nilizibeba kutoka Kalemie ndani ya gunia lililoloweshwa maji, nikaliweka gunia kati ya magoti yangu katika boti, na kila abiria aliyeuliza nimebeba nini nilimjibu: majani. Waliuliza mara moja tu. Mtu anayekwenda msibani hubeba mchele, mafuta, kitenge, hata mbuzi akijaliwa, habebi majani. Pale makaburini nilipopiga magoti na kuanza kuzifukia zile kamba za nyasi, moja hapa, nyingine pale, wanawake nyuma yangu waliguna. Mmoja alisema wazi, "Huyu wa Kalemie huzuni imemupanda kichwani. Kaburi linafagiliwa, halipandwi pori." Nyota, binti wa marehemu, alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti kisicho chake.

Huzuni haikuwa imenipanda kichwani. Nilikuwa natimiza neno aliloniachia marehemu, na neno hilo halieleweki bila ule mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ya kilimani, nilipokuwa mke mpya wa miaka ishirini na mitatu na korongo likija upande wa dirisha letu.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti vinne visivyofanana, na dirisha lililotazama uwanja. Nyuma ya uwanja kulikuwa na korongo, na ng'ambo ya korongo mabati ya majirani yakiteremka hadi ziwani. Mume wangu Kalunga alifanya kazi Kabimba, kwenye kiwanda cha saruji, akirudi Jumamosi na vumbi jeupe ndani ya masikio. Mimi nilisoma komunike katika redio ndogo ya mjini: nani amefariki, mazishi yako wapi, mbuzi wa nani amepotea na ana alama gani. Kazi ile ilinifundisha kutazama kitu mpaka nikielewe, kisha kukisema kwa maneno machache. Katika nyumba ile nilianza kwa kutazama ukuta. Rangi ya bluu iliyopakwa chini ya ukuta haikufika ardhini. Iliishia juu, na chini yake mawe ya msingi yalionekana yakiwa uchi, kama meno ambayo ufizi umeyakimbia. Mlangoni ilibidi tuweke jiwe la kukanyagia, kwa kuwa aliyeijenga nyumba aliweka kizingiti usawa wa ardhi, na ardhi ilikuwa imeondoka.

Ilikuwa imekwenda wapi? Jibu nililisikia kila alfajiri kabla sijafungua macho: fya, fya, fya, kilima kizima kikifagiliwa. Kwetu mwanamke hupimwa kwa uwanja wake. Uwanja mzuri ni udongo mwekundu mtupu, mgumu, wenye mistari ya ufagio iliyolala upande mmoja, bila jani hata moja, ili wa kwanza kupita aache unyayo wake kama muhuri. Nyasi mbele ya mlango maana yake nyumba imehamwa, au ndani yake kuna mgonjwa, au mwanamke wake ni mvivu na hapo hakuna haja ya maelezo zaidi. Mimi pia nilifagia, tena kwa fahari. Kila alfajiri nililegeza ngozi nyembamba ya udongo, na kila mvua iliyokuja iliichukua ngozi ile ikaipeleka korongoni, korongo likaipeleka ziwani. Kilima kizima tulikuwa tunafagia nyumba zetu kidogo kidogo kuziingiza majini, na tulisifiana kwa kazi hiyo.

Novemba ile mvua iliangusha jiko la jirani yetu, Papa Mulongo. Alikuwa fundi viatu, mtu mrefu mwenye ulimi mrefu zaidi, na jiko lake lilikuwa kibanda cha miti na bati ukingoni mwa korongo. Liliondoka mchana, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ikiwa motoni. Watu tulikusanyika kutazama. Papa Mulongo alisimama pale jiko lilipokuwa, akachungulia chini kwenye korongo, ambalo kwetu huitwa pia erozio, akasema, "Sombe ilikuwa haina chumvi. Erozio imekula chakula kibaya." Tulicheka sana, naye akacheka, lakini niliona alivyorudi nyuma hatua moja kabla ya kugeuka. Jumamosi Kalunga alipima kwa macho kutoka ukingo hadi dirisha letu. Akala bukari yake yote, ule ugali wetu, akanawa mikono, akasema, "Mvua ya mwaka huu tutaipita. Ya mwaka kesho inaingia chumbani." Hatukuwa na mahali pengine pa kwenda. Nilitaka jambo moja tu mwaka ule: mvua za mwaka kesho zitukute bado tunalala ndani ya nyumba ile.

Kwanza nilikosea kwa namna ambayo mtu wa mjini hukosea. Mbele ya nyumba moja ya wageni karibu na ziwa kulikuwa na pelusi, nyasi laini za kijani ambazo wageni waliwekea viti vyao, na chini yake udongo haukuonekana kabisa. Nikamwomba mtunza bustani vipande, akanipa kwa moyo mweupe, nikavipandisha kilimani katika beseni. Nilivipanda mstari mmoja kando ya ukingo. Viliota vizuri kwa kuwa mvua bado zilikuwepo. Kisha kikaja kile kiangazi kifupi cha baada ya mwaka mpya, jua likakaa juu ya kilima kama sufuria juu ya jiko, na pelusi ikaanza kudai maji. Maji tuliyateka bondeni. Nilipanda na ndoo kichwani kila jioni kunywesha majani, huku majirani wakitoka nje kutazama. "Mama Espe," Papa Mulongo aliniambia, "majani yako inakunywa kuliko watoto wangu. Uipeleke shuleni pia." Kabla mvua hazijarudi pelusi ilikuwa imegeuka unga wa njano. Niliuzoa mwenyewe, na kwa mara ya kwanza niliona aibu ya kufagia.

Nyasi sahihi nilikuwa nazikanyaga kila siku nikienda redioni. Njia ya mkato ilipita juu ya tuta la reli ya zamani, na tuta lile lilikuwa na mteremko mkali kuliko kilima chetu, mbuzi walilala juu yake, wauza mihogo walilitumia kama ngazi, hakuna aliyelimwagia tone la maji, na bado halikuwa na mfereji hata mmoja. Nilisimama pale asubuhi moja nikiwa tayari nimechelewa kazini. Lilifunikwa na ukoka, ule ukoka wetu wa kawaida ambao wakulima huulaani shambani. Nilishika ncha ya kamba yake moja nikavuta. Ilikuja urefu wa mkono, kisha ikagoma, kwa kuwa katika kila kifundo ilikuwa imeteremsha mizizi yake. Nikavuta kwa mikono miwili. Mzee aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama, akanitazama, akauliza, "Mama, inakudai nini?" Siku hiyo komunike ya kwanza niliisoma nikihema, na kucha zangu zilikuwa na udongo.

Nilipanda ukoka mvua za Machi zilipokuwa bado zina nguvu. Sikupanda ukingoni tu. Nilipanda uwanja wote, kuanzia jiwe la mlangoni hadi korongoni, kwa kuwa nilikuwa nimeona kwamba maji hupata mbio zake huko juu, kwenye udongo uliofagiliwa, kabla hayajafika ukingoni. Nilikata kamba vipande vyenye vifundo, nikavilaza katika mifereji midogo ya kukingama mteremko, nikavifukia nusu na kuacha ncha nje, nikakanyaga kwa kisigino. Basi. Sikuteka maji. Kazi ya kuutunza ikanifundisha mambo yake yenyewe. Magugu yenye miiba niliyang'oa kwa mkono yakiwa bado machanga. Ukoka ulipofika kwenye kifundo cha mguu niliufyeka kwa kupekupe, panga la kufyekea, nikiinama, nikirudi nyuma kama mtu anayepiga deki, kwa sababu nyasi fupi hutambaa na nyasi ndefu husimama tu kujionyesha. Baadaye nikamwomba Papa Mulongo mbuzi wake, nikamfunga kamba kwenye kigingi na kukihamisha kigingi kila asubuhi, naye akafanya kazi yangu bila kupumzika. Majani makavu ya maembe niliyaondoa kwa ufagio, nikiupitisha juujuu, ili angalau mlio wa kufagia utoke kwetu kama kwa wenzetu.

Haukusaidia. Jina langu likawa Mama Ng'ombe. Papa Mulongo aliniita hivyo kupitia uzio wa matete, na watoto wote wakalidaka. "Mama Ng'ombe, wageni wako wa Pepa wanafika lini na mifugo?" aliuliza, maana Pepa ndiko wanakofuga ng'ombe. Nilimwambia ni pelusi. "Pelusi inakaa mbele ya hoteli," akasema kwa lugha ya kilima chetu, ambamo "ndio" ni "njo". "Mbele ya mulango wa muntu kama sisi, majani njo nyumba ya nyoka." Nikamjibu kwamba ni fupi, nyoka akija nitamwona. "Ndiyo," akasema, "na yeye atakuona." Mbuzi wake alikuwa akila kwangu wakati akisema hivyo, na alikuwa amenenepa.

Kisha kiangazi kikaja, na ukoka ukafanya jambo ambalo sikuwa nimelieleza kwa mtu yeyote, maana nami nililijua kwa kuliona tu kwenye tuta la reli: ulijifisha. Juni ulipauka, Julai ulikuwa rangi ya mkeka wa zamani, Agosti ukiukanyaga ulilia chini ya mguu kama karatasi. Nilivuta kamba moja kila wiki kujaribu. Iligoma. Niliridhika, nikaingia ndani. Lakini aliyepita njiani hakuvuta kamba. Aliona uwanja wa mwanamke kijana aliyeachia majani makavu hadi kizingitini.

Ndivyo Tantine Anjela alivyotukuta. Alikuja na boti kutoka Zongwe na gunia la dagaa wakavu tunaowaita ndagala, samaki aina ya migebuka waliobanikwa na kufungwa kwa majani ya ndizi, na sauti yake, ambayo ilitangulia mzigo. Alisimama mwanzoni mwa uwanja, akakataa kukanyaga. "Espe, mutoto wangu," aliita, "nani amekufa humu ndani na hamukunitumia habari?"

"Hakuna aliyekufa, Tantine. Mimi njo nasoma komunike za wafu, ningekusomea."

"Hii njo nini, basi?"

"Njo majani ya kushika udongo. Korongo isikule nyumba."

Aliinama, akavunja jani moja kati ya vidole, akapuliza unga wake. "Hii imekufa, mutoto. Maiti itashika nini?" Nilimwonyesha mawe ya msingi, rangi iliyoning'inia, mahali pa jiko la Papa Mulongo. Alisema "ehee" kila nilipotua, kama mtu anayembembeleza mgonjwa wa homa, kisha akaingia jikoni na kupika. Sijawahi kula kama wiki ile. Alipika migebuka kwa mafuta ya mawese na nyanya mpaka mchuzi ukashika kijiko, akasonga bukari laini isiyo na hata donge bichi, akanikatia kichwa cha samaki kwa kuwa, alisema, mwanamke anayeongea na redio anahitaji akili. Akila alinitazama mkono, shingo, macho. Nilidhani anatafuta dalili za mtoto.

Siku ya Ijumaa, mchana, nilikuwa chumba cha mbele nikinyoosha kitenge, dirisha wazi, nikamsikia kwenye uzio na Papa Mulongo.

"Papa, mutoto wangu anagonjwa?"

"Hapana, Mama. Anatumika vizuri, anasalimia watu. Njo vile tu, asubuhi anainama anavuta majani moja moja, kama muntu anatafuta chawa."

"Anaivuta ya nini?"

"Anavuta, haitoki, anafurahi, anaingia."

"Na bwana yake?"

"Bwana yake iko Kabimba. Kila Jumamosi, siku ya posho, anafika, anakanyaga, anaingia kulala."

"Na mama wa bwana yake anafika siku ya Mungu," Tantine alisema. "Ataona hii."

"Ataona," Papa Mulongo alikubali. "Hata mwenye macho moja ataona."

Nilicheka peke yangu hadi nikaunguza ncha ya kitenge. Leo, baada ya miaka mingi ya kuhoji watu redioni, najua nilikuwa nimepewa habari yote, nikasikia vichekesho tu. Ni kweli kwamba mama mkwe wangu alikuwa anakuja Jumapili, mara yake ya kwanza kuona nyumba yetu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya maji na mizizi. Tantine alijua kwamba mama mkwe haji kusikiliza maelezo. Anakuja kutazama uwanja.

Jumamosi nilishuka bandarini kumpokea Kalunga. Boti ilichelewa, tulinunua sabuni, tulipanda kilima polepole tukiongea. Kwenye kona ya mwisho Kalunga alisimama ghafla. Uwanja wetu ulikuwa mwekundu. Mwekundu mtupu, kuanzia jiwe la mlangoni hadi korongoni, umelimwa, umesawazishwa, umefagiliwa kwa mistari iliyolala upande mmoja. Tantine Anjela alikuwa ameketi mlangoni, miguu imenyooka, kanga imefungwa kifuani, jembe lenye mpini uliofungwa mpira kando yake, jasho limemchora mistari shingoni. Yule mwanamke hakuwa kijana hata wakati ule. Alikuwa amelima tangu nilipoondoka, bila chai, na ukoka si mchicha. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge, mengine yamepasuka.

"Majani yote niliitupa kwa korongo," alisema. "Mizizi yake ni mibaya, mutoto, ilinigombeza. Lakini niliimaliza." Alisubiri. "Sema asante."

Nilitazama viganja vile. Kalunga alikuwa nyuma yangu. Nilisikia anavyoshusha mzigo wake chini taratibu sana. "Asante, Tantine," nilisema. Nikaingia ndani, nikachemsha maji ya chumvi, nikamwosha mikono.

Mama mkwe alifika Jumapili baada ya misa. Alisimama mwanzoni mwa uwanja, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakanyaga na kuacha unyayo wake. "Ehh," akasema. "Hapa kuna mwanamuke." Alikula migebuka ya Tantine, akamsifu Kalunga kwa kuchagua vizuri, na akaondoka akiwa rafiki yangu, amekuwa rafiki yangu hadi leo, kwa hiyo hata hilo Tantine hakulikosea. Wageni walipoondoka nilikwenda ukingoni. Chini, kwenye ubavu wa korongo, kamba zangu zilikuwa zimemwagika lundo juu ya lundo, zimekatwakatwa na jembe, zimefunikwa nusu na udongo aliousukuma pamoja nazo, nyingine zimenasa kwenye vibonde vya ukuta wa korongo ambako mkono wangu usingefika hata kwa kamba ya kisima. Niliona takataka. Nilikuwa nimesahau kwamba mwezi Machi nilifanya hivyo hivyo kwa kipimo kidogo: kukata vipande vyenye vifundo, kufukia nusu, kuacha ncha nje.

Septemba niliishi nikitazama mbingu. Tantine alirudi Zongwe akiwa ameridhika, na jembe akaondoka nalo. Kalunga alianza kuuliza watu wa Kabimba kama kuna chumba. Tulihamisha kitanda kutoka chumba cha pembeni, kilichokuwa karibu zaidi na korongo, tukakiweka chumba cha mbele karibu na meza, ikawa mtu akila anaegemea mto. Papa Mulongo hakuniita Mama Ng'ombe hata mara moja, na ukimya wake uliniogopesha kuliko mzaha wake wote.

Mvua ya kwanza ilikuwa ndogo, ya mchana, yenye harufu. Maji mekundu yalipita mbele ya mlango. Siku chache baadaye nilitoka kumwaga maji ya vyombo nikaona doa la kijani kwenye uwanja, halafu jingine, halafu nikaacha kuyafuata, kwa kuwa yalikuwa kila mahali ambapo jembe la Tantine lilikata kamba na kuacha kifundo chini. Alikuwa amekata kamba moja ikawa nyasi kumi. Nilikimbia ukingoni. Ubavu wa korongo, ule ukuta mwekundu uliokuwa ukimeguka kama mkate, ulikuwa umeota manyoya ya kijani kutoka juu hadi karibu na chini. Nilipiga kelele. Papa Mulongo alitoka na kiatu cha mtu mkononi, akachungulia. "Nani alipanda huko chini?" aliuliza. Nilibaki nikicheka.

Mvua kubwa ilikuja Novemba, mchana vilevile. Kalunga alikuwa nyumbani. Tulisimama dirishani, kwani hakukuwa na mahali pa kukaa ambapo tusingesikia. Bati lilinguruma hata tukawa tunaongea kwa mikono. Uwanja ukawa maji, lakini maji yaliyokwenda polepole, yakijipenyeza kati ya majani kama watu wanaotoka kanisani, na hayakuwa mekundu. Korongoni mawe yaligongana. Ng'ambo, ukingo usio na kitu ulianguka kipande kimoja kirefu pamoja na mpapai uliosimama wima mpaka mwisho. Kalunga alinishika bega akakaza. Tulingoja upande wetu ufuate. Mvua ilipokatika tulitoka bila viatu. Maji yalikuwa yamechimba chini ya ukingo wetu, na udongo wa juu ulikuwa umebaki ukining'inia, umefumwa na mizizi kama wavu uliojaa ndagala, haukudondosha kitu. Kutoka ukingo hadi dirishani kulikuwa kama jana. Kalunga alikanyaga nyasi mara mbili tatu kwa kisigino, akaanza kucheka, akacheza, mtu mzima mwenye saruji masikioni, akizunguka kwenye maji.

Jioni hiyo Papa Mulongo alisimama kwenye uzio. Alikohoa. "Mama Ng'ombe," alisema, "unipe majani kidogo. Na mbuzi yangu umurudishe, nitakuwa na kazi naye." Nilimpa gunia. Kabla ya Pasaka walikuwa wamekuja wengine wa juu yetu, kisha wa ng'ambo, na hakuna aliyesema pelusi. Walisema majani ya Tantine.

Maana Tantine alirudi Krismasi, nami nilimpeleka ukingoni. Alitazama chini kwa muda. Nilitegemea aibu, au samahani, na nilikuwa nimeshaandaa jibu la upole. Akaweka mikono kiunoni. "Basi mimi njo mwenye shamba," akasema. "Wewe ulipanda uwanja. Korongo nilipanda mimi." Hakuacha kulisema hilo maisha yake yote. Huko Zongwe alisimulia kwamba alikwenda Kalemie akakuta nyumba inaanguka, akachukua jembe, akaisimamisha. Kila alipotutembelea alivua ndala mwanzoni mwa uwanja na kukanyaga kwa miguu mitupu, akikagua. Mara ya mwisho, mwaka jana, alishikwa mkono na wajukuu wangu wawili, akaketi kwenye nyasi, akazipapasa. Zilikuwa kavu, rangi ya mkeka. "Zimekufa?" akaniuliza kwa uchokozi. "Hapana, Tantine." "Siku yangu ikifika, muniletee majani yangu. Nisilale kwa udongo mutupu, mvua inishushe ziwani." Nyota hakuwepo. Niliahidi mimi.

Naandika haya nikiwa kwenye uwanja ule. Kizingiti kimerudi usawa wa ardhi. Nyasi zilinasa vumbi la mwaka hadi mwaka, na lile jiwe la kukanyagia limezama, tunajua lilipo kwa kuwa hapo nyasi ni nyembamba. Rangi ya bluu imegusana na kijani. Korongo bado lipo, limenyamaza, watoto hushuka ndani yake kuchuma mapera. Alfajiri kilima bado kinafagiliwa, fya, fya, lakini ni mlio mwepesi wa ufagio juu ya majani, na mtu mgeni hawezi kujua tofauti.

Kaburi la Zongwe lilipandwa katikati ya kiangazi, na binti akilitazama sasa ataona takataka kavu juu ya mama yake. Siku naondoka, Nyota alinisindikiza hadi kwenye boti. Kabla hatujatoka uwanjani kwake nilimweleza yote, maji, mizizi, neno la mama yake. Alisema "ehee" kila nilipotua. Nyuma yake, kwenye ukuta wa nyumba, jembe lilikuwa limeegemezwa, lile lile lenye mpini uliofungwa mpira, na wiki ijayo ukoo unakuja kumaliza matanga na kulitazama kaburi. Anampenda sana mama yake. Jana nilimwandikia kwenye simu anitumie picha ya kaburi. Ujumbe umefika. Zongwe mvua bado haijanyesha, na Nyota hajajibu.